HONI YA GARI KUUKUU IKINYAMAZA, MSIILAUMU HONI PEKE YAKE

Na Mwandishi Wetu

Askari anayesimama katika kizuizi cha barabara kati ya Tororo na Busia huona kwa siku moja karibu historia nzima ya gari katika Afrika Mashariki. Malori ya makontena yatokayo bandari ya Mombasa humpita yakielekea Kampala na kuendelea mbele hadi Rwanda na Sudan Kusini. Nyuma ya malori hayo huja teksi za Kijapani, pikipiki zilizopakia watu watatu, na baiskeli zilizolemewa na magunia ya mahindi. Halafu, mara moja moja, kwa mwendo wa mzee asiye na haraka, hupita Land Rover ya miaka ya 1960, au Peugeot 404, au Volkswagen ya mgongo wa kobe. Wenye magari hayo huyapenda. Bati limepigwa rangi upya, injini inanguruma kwa utulivu, na viti vimeshonwa kwa ngozi mpya. Lakini askari akimwambia dereva, "Hebu piga honi," aghalabu hujibiwa kwa kimya, au kwa mlio hafifu kama wa mbuzi aliyefungwa mdomo.

Makala haya yahusu kimya hicho. Tunawaandikia askari wa jeshi na polisi kwa sababu wao ndio wanaolikagua gari la namna hiyo barabarani, na katika vikosi vingi wao wenyewe wamewahi kukabidhiwa gari kuukuu na kuambiwa walitunze.

Sheria za barabara za Uganda na za Kenya zinakubaliana juu ya jambo hili: gari halina ruhusa ya kutembea barabarani bila chombo cha kuwaonya watu kwamba linakuja. Ving'ora, kwa upande mwingine, vimewekewa polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa. Hilo kila askari analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba gari kuukuu lahitaji honi kuliko gari jipya. Land Rover za zamani pamoja na Volkswagen nyingi za mgongo wa kobe zina breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na breki za namna hiyo, zikilowa maji au zikipata moto kwa kutumika mfululizo, hupunguza nguvu. Dereva wa gari jipya akikosa kupiga honi bado ana breki ya kumwokoa. Dereva wa gari kuukuu mara nyingi hana cha kumwokoa isipokuwa ile sauti.

Mahali penyewe napo pana mambo yake. Busia ni mji mmoja uliokatwa na mpaka, na watu wake huvuka kwenda sokoni kama mtu avukavyo ua wa nyumba yake. Hapo ndipo, katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wenye baiskeli walipoanza kuwabeba wasafiri katika kile kipande cha ardhi kilichokuwa kati ya vituo viwili vya forodha, huku wakiita "boda, boda," yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Na jina hilo sasa limeenea Afrika Mashariki yote. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018 kimepunguza foleni ya malori, lakini hakikupunguza watembea kwa miguu wala waendesha baiskeli. Mwendesha baiskeli hana kioo cha kutazamia nyuma. Masikio yake ndiyo kioo chake, na gari lisilo na honi kwake ni gari lisiloonekana.

Sauti hutoka wapi?

Zamani sana madereva walikamua mpira wenye tarumbeta, na sauti yake ilikuwa kama ya bata. Mwaka 1908 Mmarekani aitwaye Miller Reese Hutchison alileta honi ya Klaxon, ambayo mota ndogo ya umeme ilizungusha gurudumu lenye meno, na meno hayo yakagonga bati jembamba. Kiwanda cha Bosch cha Ujerumani kilianza kuuza honi yake ya umeme mwaka 1921. Honi zilizomo katika magari tunayoyazungumzia ni za ukoo huo wa pili, na ufundi wake ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani.

Ndani ya honi mna kiwambo cha chuma chembamba, mfano wa ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo mna koili ya waya, ambayo ikipitishiwa umeme huwa sumaku. Sumaku hiyo hukivuta kiwambo. Kiwambo kikivutwa husukuma pointi mbili zilizokuwa zikigusana, nazo huachana. Zikiachana, umeme hukatika, sumaku hufa, na kiwambo hurudi mahali pake kwa nguvu ya chuma chake. Kikirudi, pointi hugusana tena, na mchezo huanza upya, mara mia kadhaa katika kila sekunde. Mtikisiko huo ndio sauti. Ndiyo sababu honi ya namna hii haijali umeme umeingia kwa upande gani, jambo ambalo lina manufaa yake, kwa kuwa magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960, na Land Rover hadi mwaka 1967 hivi, yalifungwa upande wa chanya wa betri katika bati la gari, kinyume cha desturi ya sasa.

Kutokana na maelezo hayo yapo mambo matatu tu yanayoweza kuinyamazisha honi: umeme haufiki, au umefika lakini hauna njia ya kurudi, au honi yenyewe imekufa. Katika gari lililokwisha pita umri wa miaka 50, la tatu ndilo la nadra kuliko yote. Hata hivyo ndilo ambalo dereva hulishika kwanza. Huenda dukani, hununua honi mpya, huifunga, na honi mpya nayo hunyamaza vilevile. Basi hapo huanza kulaani bidhaa za siku hizi.

Njia ya kurudi

Mafundi huiita njia hiyo "ethi". Umeme hutoka betri kwa waya, hufanya kazi, kisha hurudi betri kupitia bati la gari lenyewe. Katika magari mengi ya zamani kitufe cha honi hakikuwekwa upande wa umeme unaokuja, bali upande huu wa kurudi. Umeme huwa umekwisha fika katika honi na kungojea. Kidole cha dereva hufanya tu kazi ya kufungua mlango wa kutokea. Askari akilielewa jambo hili moja, nusu ya uchunguzi imekwisha.

Chombo kinachohitajika hakizidi balbu ndogo ya gari yenye nyaya mbili, mmoja wenye klipu na mwingine wenye ncha kali. Mita ni bora, lakini balbu husema kweli zaidi, kwa maana kiungo kilicholiwa na kutu kinaweza kuionyesha mita volti 12 kamili, ilhali hakiwezi kuwasha hata taa ya ndani.

Tuchukue mfano wa koplo aliyekabidhiwa Land Rover ya zamani ambayo honi yake imekufa. Kabla ya yote na apige taa kubwa. Zikiwa hafifu, tatizo ni betri au vibano vyake, na honi haina hatia. Zikiwaka vyema, na afungue boneti na kutazama fyuzi. Katika kisanduku cha fyuzi cha Lucas cha magari mengi ya Kiingereza mna fyuzi mbili: ile ya A1 na A2, ambayo ina umeme wakati wote, na ile ya A3 na A4, ambayo hupata umeme pale ufunguo unapowashwa. Honi aghalabu imo katika ile ya kwanza. Fyuzi isitazamwe tu bali itolewe, na vibanio vyake visuguliwe kwa msasa laini, kwa sababu kutu ya kijani iliyo chini ya fyuzi nzima huzuia umeme sawasawa na fyuzi iliyoungua. Hapa pana mtego mmoja. Fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 huungua umeme ufikapo ampea 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni kama ampea 17. Fyuzi za viwanda vingine huandikwa mzigo wa kudumu. Kwa hiyo anayenunua fyuzi ya 35 ya aina nyingine na kuiweka humo ameongeza maradufu umeme ambao nyaya zile kuukuu zitaruhusiwa kubeba kabla ya kuokolewa.

Fyuzi ikiwa nzima, koplo wetu na aende kwenye honi yenyewe. Klipu ya balbu aibane katika chuma safi cha gari, na kwa ncha aguse kichwa cha kwanza cha honi, ambacho katika magari ya Kiingereza ya miaka ya mwisho ya 1960 na kuendelea hupokea waya wa rangi ya zambarau. Balbu isipowaka, umeme haujafika, na afuate waya huo kurudi nyuma, kiungo kwa kiungo, mpaka apate mahali ambapo balbu inawaka. Kosa liko kati ya mahali hapo na mahali pa mwisho ilipokataa.

Ikiwaka, na aguse kichwa cha pili, cha waya wa zambarau wenye mstari mweusi. Hapa wengi hushangaa kuona balbu ikiwaka tena, wakadhani nyaya zimegusana. La hasha. Umeme umepita ndani ya koili ya honi na kutokea upande wa pili, ishara ya kwamba koili na pointi ni nzima. Isipowaka katika kichwa cha pili, hapo ndipo honi yenyewe inaposhtakiwa kwa haki.

Hatua ya mwisho ndiyo tamu. Achukue kipande cha waya, aunganishe kichwa kile cha pili na chuma cha gari. Honi ikilia, na italia kwa kishindo kiasi cha kumshtua aliyeinama juu yake, basi honi ni nzima, umeme ni mzima, na mgonjwa ni kitufe au waya wake. Yapo magari ambayo kitufe kimewekwa upande wa umeme unaokuja, na honi ina waya mmoja tu kwa sababu mguu wake ndio ethi yake. Kwa gari la namna hiyo kutu iliyo chini ya bolti ya mguu yatosha kuinyamazisha honi, na dawa yake ni spana na msasa.

Kuna magari mengine, hasa yenye honi mbili, yaliyowekewa rilei, yaani swichi inayovutwa kwa sumaku, ili umeme mkubwa usipite katika kitufe. Rilei ya Lucas huwa na vichwa vya W1 na W2 kwa koili yake, na C1 na C2 kwa umeme mkubwa. Ikisikika "tak" pale kitufe kinapobonyezwa, kitufe ni kizima; atafute upande wa C1 na C2.

Volkswagen ina kisa chake. Honi yake imefichwa chini ya madigadi ya mbele ya kushoto, ambako hupigwa na matope ya kila mvua. Njia yake ya kurudi hupitia nguzo ya usukani, na chini ya nguzo hiyo mna kiunganishi cha mpira. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kiwandani waliweka kipande kifupi cha waya cha kuuvuka. Fundi aliyebadilisha kiunganishi hicho akasahau waya ule huacha usukani mzuri na honi bubu, na mwenye gari anaweza kubadilisha honi tatu asijue. Tena ikumbukwe kwamba Volkswagen za kabla ya nusu ya pili ya mwaka 1966 zilikuwa za volti 6. Honi ya volti 12 ikifungwa humo hukohoa tu. Ya volti 6 ikipewa 12 hulia vizuri mno kwa siku chache, kisha huungua.

Dawa mbaya kuliko ugonjwa

Dereva aliyeshindwa kupata kosa hukimbilia njia ya mkato, nayo huonekana sana katika magari ya mikoani. Hununua swichi ya kengele ya mlango, huipachika chini ya dashibodi, na huvuta waya mwembamba kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye swichi na kutoka swichi hadi honi. Honi hulia, dereva hufurahi, na katika kizuizi hupita bila taabu.

Swichi ile ilitengenezwa kwa umeme mdogo sana. Honi moja ya kawaida hula kama ampea 4, na mbili zenye tarumbeta zaweza kupita 10. Pointi za swichi huungua kidogo kidogo, mpaka siku moja hushikana zisiachane. Lakini hatari kubwa imo katika waya. Hauna fyuzi. Umepitishwa katika tundu la bati lisilo na mpira wa kuulinda, na kila shimo la barabara huusugua katika ukingo wa bati hilo. Siku utakapochunika, umeme wote wa betri utapita hapo, na waya utawaka kama tambi. Katika Land Rover fupi tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele. Katika Volkswagen tangi liko mbele, chini ya boneti, karibu na nyaya zenyewe. Binafsi naona gari lisilo na honi linaloendeshwa polepole mpaka gereji ni afadhali kuliko gari lenye honi ya namna hii.

Anayelazimika kuvuta waya mpya basi na aweke fyuzi karibu na betri, atumie waya mnene, na apitishe penye mpira. Hayo hayagharimu kitu ukilinganisha na gari.

Honi isiyonyamaza

Kwa ndugu zetu wa jeshi upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi. Maadam kitufe kazi yake ni kuugusisha waya na chuma, basi waya huo ukichunika mahali popote ndani ya nguzo ya usukani, gari huwa kama lililobonyezwa honi. Ishara yake ya kwanza ni honi kulia kidogo pale usukani unapokatwa upande mmoja. Ishara hiyo isipuuzwe. Doria iliyozima taa na kushusha injini haitakuwa na siri tena honi ikijililia yenyewe usiku wa manane, na wakati huo kuupiga usukani ngumi hakusaidii.

Kinachosaidia ni kuung'oa waya katika honi. Lakini ung'olewe upi? Ule unaotoka kwenye kitufe. Huo ukining'inia na kugusa bati haudhuru kitu. Ule unaoleta umeme ukigusa bati huunguza fyuzi, na kama fyuzi imebadilishwa na kipande cha waya, kama ilivyo katika magari mengi mno, huunguza zaidi ya fyuzi. Kabla ya safari inayotaka kimya, dereva mwangalifu hutenganisha honi vivyo hivyo na kuirudisha gari likirejea barabarani.

Honi hafifu

Mlio wa mbuzi unatokana mara nyingi na volti kupotea njiani. Hapa mita ndiyo yenye kazi. Pima volti za betri honi ikilia, kisha pima katika vichwa viwili vya honi ikilia vilevile. Tofauti ikipita nusu volti, kuna mahali zinaibwa: kibano cha betri kilichota unga mweupe, ukanda wa ethi kati ya injini na chasisi uliokatika nyuzi, au kiungo kilichoota kutu ya kijani. Visafishe, vikaze, vipake vaselini kidogo kuzuia unyevu.

Volti zikiwa kamili na mlio bado mbovu, ndipo iguswe skrubu ndogo ya kurekebishia, iliyo nyuma au ubavuni. Weka alama ilipo kwa rangi, kisha izungushe robo ya mzunguko tu, jaribu, na robo nyingine. Nati ya katikati ya kiwambo isiguswe kamwe. Hiyo ilipimwa kiwandani, na aliyeilegeza huwa ameiaga honi.

Penye kizuizi

Polisi anayekagua na akumbuke kwamba magari mengine hayatoi honi mpaka ufunguo uwashwe, hivyo asimwandikie mtu kosa kabla ya kumwambia awashe. Baada ya hapo na aijaribu honi injini ikiwa imezimwa. Injini ikienda, jenereta au altaneta hupandisha volti kutoka 12 na kidogo hadi karibu 14, na honi iliyo mahututi hupata uhai wa muda. Dereva mjanja anajua hivyo, naye hukanyaga mafuta kabla ya kubonyeza. Honi inayolia injini ikiunguruma na kunyamaza ikizimwa itanyamaza pia siku atakapoihitaji katikati ya soko la Busia, akiwa amesimama katika foleni na injini ikizunguka polepole.

Kisha na ainame atazame chini ya dashibodi kama kuna kile kitufe cha kengele ya mlango, aushike waya wake baada ya honi kulia kwa sekunde chache, na ukiwa na moto amzuie dereva asiendelee. Na kama honi ina tarumbeta, achungulie kinywani mwake. Nyigu wa sehemu hizi hupenda kujenga humo kwa udongo, na nyumba yao ikikauka huwa ngumu kama saruji ya Tororo. Kwa honi ya namna hiyo hakuna waya wa kufuata wala fyuzi ya kubadilisha. Kinachotakiwa ni kijiti, maji kidogo, na tarumbeta kugeuzwa kinywa chini isijae mvua ya masika.